Relé Kutoka Fungurume

Kolwezi, Manika
Jumapili, baada ya misa

Kwako yaya Muamba, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, na wifi Blandine naye anaibeba vizuri mimba yake, na kwamba ile miguu iliyokuwa inamvimba imepungua. Mama anawasalimu, anasema moyo wenu. Anakohoa asubuhi tu, malori yanapoanza kupita na vumbi kuingia ndani. Mchana anapata nafuu, anakaa mlangoni na mafungu yake ya mboga ya lengalenga na kuwasema wapita njia. Mvua imechelewa mwaka huu. Mti wa mapera ulioupanda umezaa, lakini matunda yake ni madogo na magumu. Mimi mwenyewe sina homa, ninakula, ninalala kidogo.

Utashangaa kuona nakuandikia karatasi wakati simu zipo. Kwenye simu, yaya, umekuwa hodari wa kusema rezo inakatika. Karatasi haikatiki. Inakuja na Symphorien, yule dereva anayepeleka saruji huko kwenu, ambaye ndiye aliyeleta kifurushi chako mwezi wa nane. Nimemwomba akupe mkononi, asiwaachie wale vijana wako wa gereji.

Nataka nikueleze habari yote tangu mwanzo, hata zile unazozijua, kama mtu anayemweleza mgeni. Najua ulisikia kutoka kwa mama kwamba kulikuwa na ajali, na kwamba mimi nilikosea kazi. Basi soma polepole.

Unakumbuka niliporudi kutoka Lubumbashi na diploma yangu ya elektromekaniki nilikaa karibu mwaka mzima nikisuka upya mota za pampu chini ya kibanda cha bati, pale kwenye barabara ya soko. Ndipo Glodi alipokuja na pampu yake iliyoungua. Alisimama kuniangalia nikiifungua, akauliza bwana fundi yuko wapi. Nikamwambia bwana fundi ndiye huyu anayemwona. Hakucheka kama wengine. Alichukua kigoda, akakaa, akasema kama ni hivyo atangoja.

Glodi alikuwa mchimbaji kabla ya hapo. Alishuka mashimoni tangu hajaota ndevu, na siku moja udongo uliwafunika wenzake yeye akiwa amepanda juu kunywa maji. Mama yake alimpigia magoti, kweli kweli, mbele ya majirani, ili aache. Akaacha. Akapata kazi kwa Tata Henri, ambaye amekodi kiwanda cha zamani cha matofali kwenye njia ya Nzilo na kukigeuza uwanja wa watu kuchezea vita siku ya Jumapili. Nilipokuambia hivyo kwenye simu ulicheka mpaka ukakohoa. Ulisema watu wa Kolwezi wamekosa vita mpaka wanakwenda kuvinunua. Lakini wateja walikuwepo: mainjinia wageni, vijana wa nyumba zinazonunua madini, maofisa wa benki. Wanagawanyika makundi mawili, wanavaa miwani mikubwa ya kinga, wanakimbizana kati ya tanuri za matofali na kupigana risasi za plastiki, punje ndogo nyeupe kama maharagwe. Bunduki zenyewe zinafanana na za kweli mpaka polisi walikuja siku ya kwanza, wakaamuru kila mdomo wa bunduki upakwe rangi ya machungwa. Ndani ya kila moja kuna betri, mota ndogo na meno ya kuvuta springi. Ukibonyeza kifyatulio, mota inazunguka na punje zinatoka.

Glodi ndiye aliyekuwa akitunza uwanja. Anapiga filimbi ya kuanza na ya kumaliza, anasimamisha vibao vya shabaha, anaokota punje. Mama yake alimshukuru Mungu kwa kazi hiyo kila asubuhi. Alisema mtoto wake sasa anafanya kazi juu ya ardhi, na kwa bunduki ambazo haziui mtu.

Shida ya bunduki zile ilikuwa moja. Umeme wote wa mota unapita kwenye swichi ndogo iliyo nyuma ya kifyatulio, vipande viwili vya shaba vyembamba kuliko ukucha. Kila mtu anapobonyeza, cheche inaruka kati ya vipande hivyo. Tata Henri alikuwa amenunua betri zenye nguvu zaidi ili punje ziende mbali, na kwa betri hizo cheche ilikuwa inakula shaba haraka. Baada ya Jumapili chache swichi inakuwa nyeusi, bunduki inakohoa, halafu inakufa mkononi mwa mteja katikati ya mchezo. Wateja walilalamika. Glodi akamwambia Tata Henri kwamba anamjua fundi, na akaongeza upesi kwamba fundi huyo ni mwanamke, ili asije akashtuka nikifika.

Nilipofungua ile ya kwanza nilijua dawa yake palepale, na wewe ungejua vilevile. Si unakumbuka baba alipotupeleka karakana ya mgodini, wewe ukiwa na suruali ya shule na mimi nimebebwa begani, akatuonyesha pampu kubwa ya maji? Mtu anagusa kitufe kidogo kwa kidole, na mbali kule, ndani ya kabati la chuma, kitu kingine kinaruka kwa kishindo na kubeba umeme wote. Kidole hakipati hata joto. Baba alisema kabatini mnakaa mtumishi. Nilimweleza Tata Henri hivyohivyo. Tutatia ndani ya kitako cha kila bunduki relé moja, kile kisanduku kidogo cheusi kinachotumika kwenye magari kuwashia taa kubwa na honi. Swichi ya kidole itabeba umeme mdogo tu wa kuamsha relé. Relé ndiyo itakayobeba umeme wa mota. Swichi haitaungua tena.

Nilitengeneza moja kwa majaribio, kwa relé mpya niliyoipata kwa mwalimu wangu wa Lubumbashi. Ilifanya kazi wiki baada ya wiki bila kukohoa. Tata Henri alikuwa anaichukua mwenyewe na kuwaonyesha wateja, akisema hii imetengenezwa na binti yetu wa hapahapa. Akaniahidi chumba kimoja cha kiwanda kiwe karakana yangu. Akampa mchoraji jina langu aliandike juu ya mlango: Wivine, Umeme na Mota. Nilipita pale mara nyingi bila sababu, yaya. Nakuambia ili ujue nilikuwa na furaha ya namna gani.

Zilihitajika relé za bunduki zote. Kolwezi hapa wanauza zilizotolewa kwenye magari mabovu, na mimi sikutaka hizo. Kwa hiyo nikakuomba wewe, unayefungua malori makubwa na kuuza vipuri, ambaye watu wa Likasi na Tenke wanakuja kwako. Nilikuambia mpya tu. Siku ya pili nikakupigia tena nikarudia: mpya, yaya, kwa sababu hizi zitabeba mota. Ulijibu kwa sauti ya mtu aliyechoshwa, “Wivi, mi unaniona mutoto? Nitakutumia mupya.” Fedha ya Tata Henri nilikutumia yote, bei ya vitu vipya; yeye wala Glodi hawakuuliza zinatoka kwa nani.

Kifurushi kilifika. Kila relé ilikuwa ndani ya kiboksi chake na plastiki juu. Nilikaa nazo mezani nikapima moja moja kwa mita yangu, na zote zilipita. Sikufungua kifuniko cha hata moja. Zingekuwa zimetoka kwa mtu mwingine ningefungua tatu au nne, kama nilivyofundishwa.

Tulizitia pamoja, mimi na Glodi, mchana baada ya mchana. Mimi nalehemu waya, yeye anashika kitako na kunitania. Aliniita Injenia wa Bitoyi, yaani wa vitu vya kuchezea. Alisema nikifa watanizika na betri mikononi ili malaika wakikosa taa waniamshe. Nawe ulijua, kwa maana mama hawezi kufunga mdomo, kwamba wakubwa wake walikuwa watoke Mutshatsha waje kubisha mlango wetu kumposea. Tata mudogo Kankolongo alikuwa tayari kuwapokea kwa niaba ya marehemu kaka yake, baba yetu. Mama alishatoa kitenge chake cha kuvaa siku hiyo, akakianika, akakikunja, akakianika tena.

Sasa nakuja kwenye Jumapili yenyewe.

Kuna desturi pale uwanjani. Springi ya bunduki haifai kulala ikiwa imekazwa, kwa hiyo filimbi ya mwisho ikipigwa kila mchezaji anatoa punje zilizobaki na kufyatua mara moja chini, kwenye udongo, ili springi ilegee. Glodi alipiga filimbi. Wote wakafyatua chini. Halafu akainua miwani yake juu ya paji la uso kufuta jasho, akaanza kwenda kukusanya vibao, kama anavyofanya kila Jumapili.

Kijana mmoja wa nyumba ya kununua madini alikuwa amesahau. Alikumbuka baada ya wenzake, akaelekeza bunduki chini na kubonyeza mara moja. Bunduki haikunyamaza. Aliondoa kidole kabisa, nilimwona, alikiinua hewani kama mtu anayeapa, na bunduki iliendelea kutema. Punje zilikuwa bado zimo ndani, hakuzitoa. Kijana yule aliogopa. Alifanya ambacho mtu yeyote angefanya kitu kikimshinda mkononi: alimgeukia mtunzaji wa uwanja kumwuliza, na alipogeuka, bunduki ikageuka pamoja naye. Glodi alikuwa karibu, anamjia tayari kumsaidia, mikono mbele.

Punje zilimpiga jichoni. Alisema tu “aa,” kama mtu aliyekumbuka kitu, akakaa chini.

Nilikimbilia bunduki kwanza, yaya. Niliichomoa betri. Ndipo nikamkimbilia yeye. Najua fundi anafundishwa kukata umeme kwanza, na najua kama nisingefanya hivyo angepigwa zaidi. Lakini alikuwa akiniona kwa lile jicho lingine, na aliniona naanza na bunduki.

Walimpeleka Lubumbashi. Tata Henri alilipa gari na madaktari, siwezi kumsema vibaya kwa hilo. Jicho la kushoto lilitolewa. Aliporudi alikuwa na kitambaa cheupe, na kila aliyeingia kumwona yeye alimwambia asisimame upande ule, la sivyo atadhani ni mdai anakuja.

Siku iliyofuata Jumapili ile niliifungua ile bunduki. Relé ilikuwa imeungana ndani. Vipande viwili vinavyobeba umeme wa mota vilikuwa vimeyeyuka vikashikana kama vimelehemiwa, na ndiyo maana kidole kiliondoka lakini umeme haukuondoka. Hilo Tata Henri alilielewa nilipomweleza. Akauliza kitu kimoja tu, kama zilikuwa mpya. Nikasema ngoja kwanza. Ni yeye aliyesema kwamba kabla ya yote inabidi familia yetu iende kwa familia ya Glodi.

Basi tulikwenda. Watu tuliokuwa tunawangoja kwetu ndio tuliowafuata kwao. Tata mudogo Kankolongo alitangulia na koti la baba, nyuma yake mbuzi aliyevutwa kwa kamba, nyuma ya mbuzi mama, amevaa kile kitenge. Nilimwuliza kwa nini kitenge kile. Alisema hana kingine kizuri.

Unajua namna mambo haya yanavyokwenda. Mkubwa wa familia anasema, mwenye kosa anakaa chini, anaangalia miguu yake, hafungui mdomo. Tata mudogo alisema vizuri. Alisema tulikuja kulia pamoja nao, kwamba mtoto wao ni mtoto wetu, kwamba hakuna aliyetaka. Mama Kanku, mama yake Glodi, alikuwa anageuza vidole vyake tu. Alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye ndiye aliyemtoa mwanawe shimoni kwa kupiga magoti, na kwamba shimoni mwanawe alikuwa na macho mawili.

Ndipo mjomba wake Glodi aliyetoka Mutshatsha alipovunja desturi. Alimwacha tata mudogo, akanigeukia mimi. Akasema, “Mi sitaki mutu asemee mutu. Ule binti njo fundi. Aseme yeye: ile bitu alitoa wapi?”

Wote walinitazama, na Tata Henri alikuwemo. Glodi alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa kimeegemea ukuta, na alikuwa amekigeuza ili jicho lake zima linione. Mama alikuwa ameshika mkono wangu chini ya kitenge, na aliubana mpaka mifupa ikagusana.

Nilisema nilizinunua sokoni Manika, kwa mchuuzi wa kupita, nisiyemjua jina. Nilisema nilitaka bei ndogo.

Tata Henri alikohoa, akaangalia mlango. Alijua ni fedha kiasi gani alinipa. Mjomba akatema mate nje. Glodi ndiye aliyeniuliza, bila hasira, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kuelewa: “Wivi, weye unapimaka kila kitu. Ata chumvi ya mboga unapimaka. Ile siku ulipima nini?”

Mbuzi alipokelewa, kwa sababu mbuzi hakatalwi, lakini habari ya kubisha mlango haikutajwa tena na mtu yeyote.

Tangu siku ile jina langu limefutwa juu ya ule mlango. Walipiga chokaa, na jua likiwa pembeni herufi bado zinaonekana chini yake. Ufunguo amepewa Gael, yule anayetengeneza jenereta kwa kuzipiga nyundo. Kwenye kibanda changu hawaleti mota tena. Juzi nilipita mbele ya wauza kadi za simu, mmoja akaziba jicho lake kwa kiganja na kuniita, “Injenia, njoo unitengenezee na hii,” na wengine wakacheka wakijipiga mapaja. Najua unawafahamu, mmoja ulisoma naye.

Sasa, yaya, habari ambayo hujaisikia.

Nilipofungua ile relé sikuona vipande vilivyoungana peke yake. Niliona kwamba kabla ya kuungana vilikuwa vimepigwa msasa. Mistari ilikuwa bado ipo pembeni, ambapo moto haukufika: imekatwa kwenda upande mmoja, halafu ikakatizwa kwenda upande wa pili, kama kitambaa kilichofumwa. Tena chini ya kifuniko, kwenye kona, kulikuwa na tone dogo la plastiki ya buluu. Ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Plastiki ya kifuniko cha kalamu ya bic, iliyoyeyushwa kwa moto wa mshumaa ili kufunga kisanduku kilichofunguliwa.

Nilizifungua nyingine zote. Zote zilikuwa na msasa uleule na tone lilelile la buluu.

Mtu mmoja tu Kolwezi nzima alikuwa akifunga kazi zake kwa kalamu ya buluu, naye yuko makaburini. Alifundisha watu wawili, kwenye meza ile ninayoandikia sasa, meza yenye alama za moto ulizoziacha wewe. Mmoja ni mimi.

Unakumbuka alichotufundisha baada ya hapo? Wewe ulikuwa na haraka ya kwenda kucheza mpira, labda hukusikia. Alisema kipande kinachopitisha amri tu unaweza kukipiga msasa, kitafanya kazi tena. Kile kinachobeba mota usikiguse. Kina ngozi nyembamba ya fedha juu yake, na msasa unaiondoa. Ukikipima kitakudanganya kwamba ni kizima, na siku utakapokipa mzigo kitashikana. Kile, alisema, unatupa. Ulisafisha vizuri sana, yaya. Ulisafisha kwa mkono wake kabisa. Ndiyo maana mita yangu ilipita.

Sisemi ulitaka mtu aumie. Nimekufikiria sana, zaidi ya ninavyokuchukia. Nadhani hukuwa na mpya siku ile, na uliona haya kumwambia mdogo wako kwamba huna. Nadhani ulisema ni bunduki za watoto, zitabeba nini. Ukawatuma vijana wako watafute viboksi, ukakaa mwenyewe na mshumaa. Labda hata ulifurahi kidogo kuona mikono bado inakumbuka. Hilo ndilo linaniuma kuliko fedha.

Na mama anajua. Nilimwonyesha lile tone kabla hatujakwenda na mbuzi. Aliligusa kwa ncha ya kidole, akasema jina la baba. Halafu akafuta kidole kwenye kitenge, akaniambia kwamba wifi yuko karibu kujifungua, kwamba wewe ndiye unayeshika nyumba hii, kwamba sisi watu wa Kasai, tulio wageni hapa, lazima tuangalie midomo yetu, wasije wakasema Wakasai wameuza jicho la mtoto wa wenyeji. Nikamwuliza, na mimi? Akasema, “Weye uko mwanamuke, Wivi. Batasahau. Yeye njo jina ya baba yako.”

Kwa hiyo nilisema nilinunua kwa mchuuzi. Sikusema kwa ajili ya mama peke yake. Nilikuwa nimezoea. Ulipounguza redio ya baba, nani alitumwa kumwambia? Nilikuwa darasa la pili. Ulisimama nyuma ya mlango ukisikiliza fimbo, ukatoka baadaye na kunipa pipi. Uliposhindwa mtihani wa taifa, ni mimi niliyepeleka matokeo kwa mama sokoni. Hata siku ulipotaka kumwoa Blandine ulinituma niseme kwamba mimba imeshaingia, ile ya kwanza iliyoharibika. Maisha yangu yote wewe unagusa kitufe, na umeme unapita kwangu. Baba alikuwa na neno la kitu cha namna hiyo, kile cha kabatini, na nilikuwa nikilipenda.

Sasa nimeungua, yaya. Sibebi tena.

Sitaki fedha. Ukimpa Symphorien bahasha nitairudisha. Sijamwambia Glodi, wala mama yake, wala Tata Henri. Sitawaambia, kwa sababu nikiwaambia mimi nitakuwa nimekubebea mara nyingine. Ninataka kitu kimoja. Panda gari, uje Kolwezi, uende kwa Mama Kanku nyumba ya tatu baada ya kisima cha misheni, ukae mbele ya Glodi upande wa kulia ili akuone, useme mwenyewe kwa mdomo wako kilichokuwa ndani ya vile viboksi. Usilete mbuzi. Usimtume tata mudogo Kankolongo na koti la baba. Usimtume mama. Usinitume mimi.

Ndani ya bahasha hii utakuta kifuniko kimoja. Ukikigeuza kwenye mwanga utaona tone lenyewe. Vipande vilivyoungana nimebaki navyo.

Msalimie wifi Blandine, mwambie namwombea azae salama, na akizaa msichana msimwite jina langu kama mlivyosema. Wasalimie vijana wa gereji. Mama anakusalimu mara nyingi. Hajui kilichoandikwa humu, anadhani nakuuliza habari za bati za jikoni. Majirani wote wanakusalimu, na Symphorien atakupa maembe mabichi kutoka kwake.

Glodi naye anakusalimu. Nilipita kwao jana kupeleka dawa, akaona karatasi mkobani, akauliza namwandikia nani. Nikasema yaya wangu wa Fungurume. Akafurahi. Akasema nikuambie kwamba ana mikono mizima na anatafuta kazi, na kama huko kwenye malori yako unahitaji mlinzi, umfikirie. Alisema, “Umuambie jicho moja inatosha ya kulinda bitu ya batu.”

Nimefikisha.

Mimi mdogo wako,
Wivine